Kahawa ya Pili

Nilipofumbua macho, kulikuwa na mtu chumbani.

Simaanishi wanafunzi wenzangu, waliolala kwenye vitanda vyao na kofia za Mwangwi kichwani kama majeruhi wa ajali. Wala simaanishi Daktari Projestus, mhadhiri wetu, aliyekuwa akipitapita na kishikwambi chake. Namaanisha mtu mwingine, asiyeonekana, aliyesimama kando ya kitanda changu kwa upole, kama mgeni anayesubiri kuambiwa aketi. Na mimi Kokuhirwa, niliyewaambia watu miaka ishirini mfululizo kwenye mikutano ya hadhara kwamba huko juu hakuna kitu ila satelaiti za makampuni, nilijivuta pembeni ya kitanda ili apate nafasi.

"Karibu," nikasikia kinywa changu kikisema. "Nyumba ni ndogo, lakini kaa."

Darasa zima la Dini za Dunia, mwaka wa pili, likaangua kicheko.

"Dada Hirwa kapata mgeni!" akapaza sauti Mwanahawa Mhando kutoka kitanda cha jirani. Huyu ni binti wa Handeni, mdomo wake hauna breki. "Hebu mwulize kama amekula."

Sikucheka. Nilikuwa nautazama mkono wangu wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinapasua kitu kidogo ambacho hakikuwepo, kisha vinasogeza nusu yake pembeni. Vinapasua, vinasogeza. Vinapasua, vinasogeza. Na sikuwa nimeviagiza.

Maneno yale hayamo katika kitabu chochote cha sala. Hakuna mchungaji aliyewahi kuyafundisha. Chini ya jua kuna mtu mmoja tu anayemkaribisha Mungu hivyo, kana kwamba ni jirani aliyepita njia akaloa mvua, na mtu huyo ndiye aliyenizaa.

"Unahisi nini, mwanafunzi?" Daktari Projestus alikuwa amefika. Kila anayeamka huulizwa hivyo, na majibu yana maksi.

"Hii imani mmeitoa kwa nani?"

"Sampuli ya Ukristo, Kilutheri, ukanda wa ziwa, mwanamke mtu mzima. Zaidi ya hapo ni siri ya mtoaji. Nimeuliza unahisi nini."

"Nahisi kukuzaba kofi."

"Hiyo ni yako, siyo ya mtoaji," akasema bila kuinua macho, na darasa likacheka tena.

Zamani, mwanafunzi wa dini alisoma vitabu, akajaza kichwa majina ya mitume na miaka ya vita, akatoka na shahada bila kujua hata siku moja ni kwa nini mwanamke mwenye njaa anafunga. Chuo Kikuu cha Kanda ya Maziwa kilijivunia kuumaliza ujinga huo. Siku hizi tunaonja. Unalala na kofia, unaamka na yakini ya mtu mwingine, unatembea nayo juma zima, unaandika insha, kisha inayeyuka. Muhula uliopita Mwanahawa alionja Uhindu wa mzee mmoja wa Moshi. Alikuwa akiamka alfajiri, anaoga huku akiimba, machozi yanamtoka kwa furaha. Juma lilipokwisha alirudi kwenye swala zake tano kama kawaida, na akapata A.

Watoaji, tuliambiwa, hawapungukiwi kitu. Ndiyo sababu ya jina Mwangwi: sauti inabaki kwa mwenyewe, sisi tunachukua mwangwi wake tu. Nikaamini. Mimi, nisiyeamini hata bei ya sukari mpaka niione mwenyewe.

*

Gari lisilo na dereva lilinipeleka Kamachumu siku ileile. Nilikaa kiti cha nyuma, na yule Mgeni akakaa kando yangu. Tulipofika njia panda nikagundua nimemfungia mkanda.

Usicheke. Ungekuwa umepewa ile yakini ungefanya hivyohivyo. Haikuwa ndoto wala kupandisha mashetani. Ilikuwa kama kujua kwamba una ndugu. Hasira zangu zote zilikuwepo, nilizikagua moja baada ya nyingine: maktaba ya wilaya waliyoigeuza ukumbi wa harusi, vitabu nilivyoviokota kwenye lori la taka nikajisomea hadi nikaingia chuoni na mvi kichwani. Hakuna hata moja niliyokuwa nimeisamehe. Ila sasa nilikuwa nakasirika mbele ya mtu aliyekuwa ananisikiliza.

Ilikuwa Jumatano, siku ya mazoezi ya kwaya. Kwaya ya akina mama ya Kamachumu bila sauti ya pili ya mama yangu, Editha, ni sawa na mchuzi bila chumvi, wanasema wenyewe. Nikamkuta ameketi barazani anamenya ndizi. Kengele ya kanisa ikalia. Hakugeuza hata shingo.

"Shikamoo, Mae."

"Marahaba, mwanangu. Mbona katikati ya wiki? Wamekufukuza tena?"

"Bado."

"Basi kaa, waitu. Usinisimamie kama polisi."

Nikakaa. "Huendi kwaya?"

"Aa, kwaya." Alilitamka neno lile kama mtu anayekumbushwa mchezo wa utotoni. "Niliacha. Jumapili moja nilikuwa ibadani, nikajikuta nahesabu mabati ya paa. Nikasema, Editha, kama ni mabati si hata kwako yapo?"

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka kule chuoni kwenu. Mchungaji alituomba. Alisema mnahifadhi imani za watu wazima zisije zikapotea. Wakanivika kikofia, kinawasha kidogo, wakanipa chai. Nikawaza, mwanangu yumo humohumo, huenda ikamfikia." Akacheka. "Imekufikia?"

Nikamkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo. Mimi sijambo! Nalala usingizi mzito. Unakumbuka nilivyokuwa naongea na marehemu baba yako, jioni kwa jioni, namwambia tutaonana? Sasa ni picha tu ukutani. Picha nzuri, fundi aliipiga vizuri."

Mawe, mama yangu! Nimewahi kupigwa marungu na askari mbele ya wanangu. Nimewahi kusomewa mashtaka ya uongo nikiwa na homa. Hakuna kilichowahi kunikata maini kama mwanamke yule mchangamfu, mwenye afya, aliyekuwa ananieleza kwa tabasamu kwamba baba yangu sasa amekufa.

Akaingia ndani, akatoka na kijikapu cha kahawa ya kutafuna. Kwetu mgeni hakai mkavu. Kahawa hupikwa ingali na maganda yake pamoja na majani ya kunukia, ikakaushwa juani, na mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Mama alichukua tunda moja, akalipasua kwa ukucha. Ndani ya kila tunda mna punje mbili zimelaliana. Moja akanipa. Ya pili akaiweka kwenye kisahani, pembeni, mahali pasipo na mtu.

Kidole gumba na cha shahada.

"Hiyo ya nani, Mae?"

"Ipi?" Akakitazama kisahani. Akakitazama sana. "Hata sijui. Mkono umezoea." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Nimejaribu kuila, nisiitupe bure. Inakwama hapa." Akagusa koo.

Mimi nilijua ni ya nani. Alikuwa amesimama ngazini, nyuma yangu.

*

"Kulikuwa na uchafu," alisema Daktari Projestus.

Nilikuwa nimemfuata ofisini kwake asubuhi na mapema, Mwanahawa kando yangu, mlango nimeufunga kwa mgongo. Juu ya meza yake palikuwa na mkebe. Najua harufu ile. Mhaya mwenzangu, daktari wa falsafa, alikuwa anatafuna kahawa.

"Uchafu gani?"

"Sikiliza, dada yangu. Imani haikai mahali pamoja kichwani. Imetandaa: harufu, sauti, mikono, majina ya watu. Mashine inaufuata mtandao wote na kuunakili. Sasa kwa huyu mama, kila tukigusa sala, inakuja kahawa. Tukigusa Bwana, kahawa. Tukigusa ufufuo, kahawa! Mtaala unasema Ukristo ni kitengo cha tatu. Mila ziko kitengo cha saba. Siwezi kumpa mwanafunzi Ulutheri wenye kahawa ndani."

"Kwa nini huwezi?"

"Atachanganyikiwa kwenye mtihani."

Alisema hivyo. Kwa kinywa kilekile kilichokuwa kinatafuna.

"Kwa hiyo tunasafisha," akaendelea. "Na kusafisha lazima kufanyike mtoaji akiwa bado na kofia, la sivyo sampuli inaharibika. Tunaikata mila, tunamwachia mwenyewe. Dini inakuja huku ikiwa safi, labda mazoea ya mkono tu ndiyo yanaponyoka. Hatukujua kwamba ukikata pale..." Akaufunika mkebe. "Ukikata pale, hakibaki kitu cha kuishikilia. Haiji nakala. Inakuja yenyewe."

"Mmejua tangu lini?"

Akausukuma mkebe pembeni.

"Na mzee wangu?" Mwanahawa aliuliza. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo. "Yule wa Moshi. Mlimkata nini?"

"Wimbo. Wa Kichaga. Alifundishwa na yaya wake akiwa mdogo, alikuwa anauimba mbele ya madhabahu ya nyumbani. Haukuwa wa Kihindu kwa namna yoyote..."

"Nilipata A," Mwanahawa akasema, akaketi sakafuni palepale, juu ya zulia la daktari.

Hapo ndipo kumbukumbu yangu ilipopanda kichwani kama pombe. "Bibi yangu aliambiwa achague, kahawa ya mizimu au ubatizo," nikamwambia. "Na wako pia, usinitumbulie macho. Wakachukua vyote viwili, wakaficha kimoja ndani ya kingine, mbele ya wamisionari wenye miwani, na hakuna aliyegundua. Imekaa salama vizazi na vizazi. Wazungu wameishindwa! Ikaja kuuawa na mtoto wa nyumbani, kwa sababu ya mpangilio wa mada."

Daktari akainuka. Alifungua kabati, akatoa kofia moja, akaigeuza ndani nje na kuitia kwenye begi langu.

"Ukiivaa hivi kwanza, kisha yeye, itarudi kwake. Itajishikiza kwenye ile mila iliyobaki, nadhani. Lakini iwe bado nzima kichwani kwako. Leo jioni, giza likiingia, itakuwa imeyeyuka. Hakuna akiba popote."

"Juma halijaisha."

"Hiyo haikuwa mwangwi, nimekwambia. Ikiwa nje ya mwenyewe, haidumu."

"Na akikataa?"

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Kofia haiulizi. Inahitaji kichwa tu."

Nilimwacha Mwanahawa kwenye korido, akigonga mlango wa darasa moja hadi jingine, anawatoa watu nje. Binti yule hajui kunong'ona. Safari hii nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nilimshukuru Mungu, unasikia? Ilinitoka hivyohivyo.

*

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote barazani: kofia, kusafisha, jioni. Nilijivisha mbele yake, nikaivua, nikaishika mkononi ikiwa bado ina joto.

"Kwa hiyo unayo wewe," akasema.

"Ninayo."

"Ikoje?"

Nikajaribu kumweleza. Nilishindwa. Nikaishia kusema, "Kama nyumba yenye mtu."

"Naam. Nakumbuka nilikuwa nasema hivyo." Akatikisa kichwa. "Sitaki, Hirwa."

"Mae!"

"Sitaki. Nilikuwa nahangaika na watu wote wa kijiji hiki. Mtoto wa fulani akiumwa, mimi ndiye nisiyelala. Wewe ukikamatwa, natoboa magoti kwa sala. Sasa nimepumzika. Nikiwa mzee nisipumzike?"

"Huyo anayesema siyo wewe. Wamekukata!"

"Nani basi? Nani amekumenyea ndizi hizi?"

"Ungekuwa nayo ungesema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza."

"Ningekuwa nayo, ungekuwa huniulizi." Akanitazama kwa jicho moja, jicho lile la kunikamata nikidanganya. "Nilikuona kwenye habari mwaka ule. Umelala mlangoni pa hospitali, askari wanakuvuta miguu, sketi imepanda, aibu tupu. Walitaka kuwavisha wagonjwa vikofia hivi bila kuwauliza. Ulikuwa unapiga kelele ukisemaje?"

Kauli yangu ile. Alikuwa anaijua. Nchi nzima inaijua, iliandikwa mpaka kwenye kuta za vyoo: kichwa cha mtu hakiguswi bila ridhaa yake.

"Haya," akasema, akaegemea kiti, akafumba macho. "Ngoja nijinyooshe kidogo."

Baada ya muda pumzi yake ikawa ndefu. Mwanga ulikuwa umeshaanza kuwa wa njano kwenye migomba.

Nikasimama nyuma ya kiti chake na kofia mikononi.

Nataka uelewe nilichokuwa nakijua. Yule mama mwingine, aliyeimba sauti ya pili, alikuwa ndani yangu kwa saa chache tu zilizobaki. Nilimjua kwa ndani, kuliko alivyowahi kunieleza. Alimtaka huyu Mgeni kuliko alivyonitaka mimi. Hilo liliniuma, na lilikuwa kweli. Ridhaa yake ninayo. Aliyelala kitini ni yule aliyebaki baada ya wizi. Je, ukimkuta mtu ameibiwa kila kitu, hata ile hamu ya kudai chake, ukamwuliza anataka kurudishiwa, akasema hapana, umemtii nani? Mwizi au yeye?

Nikaishusha kofia mpaka ikagusa mvi zake.

Kisha nikamtazama Mgeni. Nilitaka aniruhusu. Nilitaka japo ishara ndogo, mimi nisiyewahi kuomba ruhusa kwa yeyote. Alikuwa amesimama ngazini, nje ya baraza. Hakuwa amepanda. Ndipo nilipokumbuka, kwa kumbukumbu isiyokuwa yangu, kwamba miaka yote ile hakuwahi kuingia humu kabla hajaambiwa karibu. Hata mara moja. Na tangu tufike, mwenye nyumba alikuwa hajamwambia.

Nikaiondoa kofia, nikaiweka sakafuni.

"Umeghairi?" mama akauliza. Macho bado ameyafumba.

"Ulikuwa macho!"

"Mtu amesimama nyuma ya kichwa changu na kikofia, nilale?" Akajiinua. Uso wake haukuwa na utani hata chembe. "Ungenivisha, ningekusamehe. Palepale. Ndiyo ubaya wake, Hirwa. Ungeniumba mtu wa kukusamehe."

Nililia. Kwa sauti, kama mtoto aliyechapwa.

"Nyamaza, waitu. Nyamaza." Akanishika mkono. "Mwambie huyo mgeni wako, kama ananitaka, aje mwenyewe. Asiletwe kwenye begi."

Akachukua kijikapu, kama kawaida. Akapasua tunda. Punje moja akanipa, ya pili kwenye kisahani. Jua likashuka nyuma ya migomba, na mimi nikawa naangalia ngazi, naangalia tu, kama mtu anayesindikiza basi kwa macho.

Hakuaga. Palikuwa na mtu ngazini, kisha pakawa na ngazi. Zege, ufa mmoja, majani makavu.

"Ameondoka?" mama akauliza.

"Ameondoka."

"Hata mimi ilikuwa hivyohivyo. Nikawa nashangaa tu chai yao ilivyokuwa tamu."

Nikaisubiri ile furaha yangu ya zamani, ya kujua kwamba huko juu ni satelaiti tu. Haikuja. Nikanyoosha mkono kwenye kisahani, nikaichukua kahawa ya pili. Nilitaka kuitafuna yote, ganda na punje, nimalize mambo. Mkono ukaishia kidevuni.

"Si uile," mama akasema.

"Uile wewe."

"Mimi nilishakwambia inanikwama."

Nikairudisha mahali pake, taratibu, pasipo na mtu. Tukabaki pale, makafiri wawili, tunaitazama kahawa ya mtu. Mama akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kisahani kingine. Akakifunika juu ya kile cha kwanza.

"Inzi," akasema, ingawa sikuwa nimemwuliza.